Hatua Saba Kutoka Mlangoni

Wiki jana niliwaacha mlangoni kwangu, hapa Ekerenyo, siku ya Sabato, saa kumi na moja jioni. Sare ya kwaya ilikuwa imenigandia mwilini kwa mvua. Ashley, mtoto wangu, alikuwa mgongoni amelala. Na ndani, kule chumba cha kulala, mashine ilikuwa inalia.

Kwa wewe unayeanza leo, nikufupishie. Mimi ni Bonareri. Nilipata mimba nikiwa kidato cha tatu, nikaolewa, nikamalizia masomo kwa madarasa ya jioni, na miaka miwili nikawa nabeba ndizi kwa beseni hadi soko la Daraja Mbili. Halafu ukaja mradi wa kusaidia akina mama wenye biashara ndogo kupata mashine zinazokula stima kidogo. Mimi wakanipa ya majaribio: inkubeta, mashine ya kuangua vifaranga.

Kabla yake nilikuwa na sanduku la mbao alilonigongea fundi, lenye balbu nne za moto. Lilikula tokeni za stima kuliko nyumba nne. Hii mpya ilikula kama balbu moja tu, na stima ikipotea ilishika joto saa mbili nzima. Baada ya hapo inataka mtu. Mtu wa kuifunika mablanketi na kuweka chupa za maji moto kando ya mayai. Ndiyo sababu hulia mara tu stima inapopotea: inamwita huyo mtu.

Ndani kulikuwa na mayai mia mbili na arobaini, siku ya kumi na tisa. Jumatatu yangeanguliwa. Wanawake kumi na mmoja wa chama chetu wangekuja kuona kwa macho yao. Persis, mwenyekiti wetu, alitaka friji ya maziwa. Mwingine oveni, mwingine mota ya cherehani. Wote walisema kitu kimoja: tuone kwanza vifaranga vya Bonareri.

Sasa niendelee pale mlangoni.

Mlango ulikuwa wazi. Tata Onchiri, baba mkwe wangu, alikuwa nje, amechutama kwenye ukuta wa chumba. Alikuwa amewasha jiko la makaa na kulisogeza ukutani, upande ule ule ambao kwa ndani imekaa mashine. Mwavuli wangu, ule ninaouacha nje mlangoni, alikuwa amelifunikia jiko. Yeye mwenyewe mvua ilikuwa inamnyeshea.

"Nimejaribu kupasha ukuta moto," akaniambia. "Sijui kama umefika ndani."

Niliingia, nikainua kifuniko, nikaweka kiganja juu ya mayai. Yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

Nikatoka.

"Tata, mlango uliufungua wewe?"

"Niliufungua. Nilidhani mtu atapita nimwambie aingie. Hakupita mtu. Wote wako makambi."

"Mablanketi uliyajua. Chupa za maji ulizijua. Nilikueleza kila kitu kupitia hilo dirisha."

"Ulinieleza."

"Kutoka hapa mpaka kwa mashine ni hatua saba, Tata. Saba."

Akaangalia miguu yake. Aliukunja mwavuli wangu vizuri, akauegemeza mlangoni, akaenda kwake akichechemea.

Ninyi wa huku mnajua kwa nini hakuingia. Kwa wasiojua: kwetu kuna chinsoni. Ni haya na heshima iliyowekwa kati ya mzazi na watoto wake waliooa. Baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe. Chumba anacholala mwanawe na mkewe ndio kabisa. Hata nyumba ikishika moto, wako wazee watakaosimama nje na kumwaga maji kupitia dirishani.

Na mashine nilikuwa nimeiweka chumbani mimi mwenyewe, kwa sababu tulifundishwa iwe mahali pasipopita upepo.

Kwa hivyo Tata hakuwahi kuiona. Mke wake alishafariki, mguu wake mmoja ni mbovu, na kila nilipokwenda darasa la jioni yeye ndiye aliyeweka kiti chini ya dirisha langu na kumshika Ashley mpaka nirudi. Mashine ilipofika, akawa anaamka na kuniuliza kupitia dirisha lile lile.

"Watoto wameamkaje?"

"Wazima, Tata. Wako joto thelathini na saba na nusu."

"Hiyo si homa?"

"Kwao hiyo ndiyo afya."

"Basi mimi ningekuwa kifaranga ningekufa. Mimi niko baridi tangu mwaka jana."

Huyo ndiye niliyemwambia hatua saba.

Jumapili nilikaa chumbani na tochi ya simu. Kifaranga aliye hai ukimmulika ndani ya yai husogea kidogo, kama mtu aliyeguswa usingizini. Nilimulika moja moja, mia mbili na arobaini. Hakuna aliyesogea. Nikajiambia wamechoka, wamelala, kesho wataamka. Nikayarudisha kwenye joto, nikafunika.

Jumatatu hakuna aliyeamka.

Wanawake walifika saa tatu, wamevaa vizuri kama wanaokwenda kupokea mahari. Walikaa kwenye mabenchi chini ya paa la mbele. Pamoja nao alikuja Emily Anyona, afisa wa mradi kutoka Kisii mjini, mwanamke kijana, mpole, viatu vyake vimejaa tope letu jekundu.

Nilitoka na trei moja ya mayai. Hakuna hata moja lililopasuka.

"Mimi si nilisema," Persis akaanza. "Kitu kinachokula kidogo hufanya kidogo. Hata mume ukiona anakula kidogo, jua hilo shamba utalima mwenyewe."

Wakacheka, lakini si kwa furaha.

"Sasa friji yako si itachachisha maziwa," mmoja akamwambia.

"Itachachisha kwako. Mimi nimeshatoka."

Emily aliingia, akachomoa kadi ndogo kwenye mashine, akarudi nayo.

"Akina mama, hii kadi imeandika joto la kila dakika. Nitaisoma ofisini. Lakini nataka kwanza kusikia kwa mdomo. Niwaambie ukweli. Kama mashine ndiyo mbaya, mradi utafunga hapa Ekerenyo, na hizo zenu kumi na moja hazitakuja. Kama ni mtu alijua inalia akaiacha peke yake wiki ya kuangua, na aliahidi hataiacha, basi mashine itabidi apewe mwingine."

Akanigeukia.

"Mama Ashley. Stima ilipotea Sabato mchana. Wewe ulijua saa ngapi kwamba mashine inalia?"

"Nilipofika nyumbani," nikasema. "Saa kumi na moja."

Wasomaji wangu, hapa nisimame kidogo.

Nanyi wiki jana niliwaambia hivyo hivyo. Wako walioniandikia kunipa pole, na mmoja wa Suneka alisema ameniombea. Sikustahili. Nilimdanganya Emily na niliwadanganya ninyi.

Nilijua saa saba kasorobo.

Tulikuwa uwanjani kwenye makambi ya kanisa, yale ya mwezi wa nane ambapo kijiji kizima huhamia mahemani. Omosa, yule wa boda boda, alipenya katikati ya viti akaniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Penseli, mwandiko mkubwa wa Tata. Ilisema: Mashine inalia. Mimi siwezi kuingia. Rudi.

Kwaya yetu ndiyo ilikuwa inafuata. Ubeti wa pili niliimba mimi peke yangu. Tangu nilipotolewa shule na tumbo langu, watu wote wakiniangalia, sikuwa nimeitwa mbele ya watu kwa jambo zuri. Nikajiambia: inashika joto saa mbili, na wimbo ni dakika sita. Nikaiweka karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo.

Tuliimba. Watu wakasema turudie. Tukarudia. Mchungaji mgeni akaniuliza mimi ni binti wa nani. Chakula kikaja. Mvua ikaja. Kila nilipotaka kusimama kulikuwa na mtu wa kunishika mkono na kunisifu, na mimi nikauacha ushikwe.

Kutoka uwanjani mpaka kwangu kwa boda ni robo saa. Nilijua, na nikakaa.

Sasa turudi kwenye benchi. Emily alikuwa ameshika kalamu. Nilimwona akiandika saa kumi na moja.

"Basi ni mashine," Persis akasema, akisimama na kujifunga kanga vizuri. "Kama ilikuwa inalia na hakuna wa kuisikia, hiyo ni mashine ya watu wasio na kazi. Twendeni."

"Kaeni," sauti ikasema.

Ilikuwa ya Tata Onchiri. Alikuwa amesimama upande wa pili wa ua unaotenganisha nyumba zetu, mahali pake, kofia mkononi.

"Mashine haina makosa. Huyu mama naye hana makosa. Ni mimi."

Emily akamgeukia. "Wewe, mzee?"

"Ilikuwa inapiga kelele. Nikaingia. Nikabonyeza kile kitufe chekundu, ikanyamaza. Halafu nikainua kifuniko nione hao vifaranga. Macho yangu hayaoni vizuri, nikakiacha wazi. Nikatoka."

Hata kuku waliokuwa wanachakura chini ya benchi niliwasikia.

Persis ndiye aliyeuliza, polepole, akiangalia chini. "Uliingia nyumba ya mwanao Job?"

"Niliingia."

"Mpaka chumbani?"

"Mashine si iko chumbani?"

Mwanamke mmoja akajifunika uso kwa kitambaa. Mwingine akamgeuza mtoto wake aangalie upande mwingine.

Nilifungua mdomo. Nawaapia niliufungua. Tata akaniangalia mara moja tu, kama anavyomwangalia Ashley akikaribia jiko. Nikaufunga.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sitalisahau. Wanawake wale, wakiwa bado na aibu usoni, walikaa tena. Persis akasafisha koo.

"Kumbe mashine yenyewe ni nzuri."

"Ni nzuri," mwingine akasema. "Ni mtu."

"Emily, andika friji yangu. Usiandike kubwa, andika ile ya lita mia moja."

Wakaandikishana mmoja baada ya mwingine pale pale chini ya paa langu. Oveni. Mota ya cherehani. Kikamulio cha juisi. Wote kumi na mmoja. Kitu nilichokuwa nikikiombea tangu mwezi wa tano, nikifunga na kula kidogo, kilitimia mbele ya macho yangu. Na Tata amesimama upande wa pili wa ua, kofia bado mkononi, hakuna hata mmoja anayemwangalia.

Nilimsindikiza Emily hadi barabarani.

"Mama Ashley," akaniambia bila kugeuka. "Mimi ndiye niliyekufundisha hiyo mashine. Ina kitufe chekundu?"

Nikaangalia tope la barabarani.

"Haina. Haina kitufe cha kuinyamazisha. Hulia mpaka stima irudi. Yule mzee hajawahi kuiona."

"Emily."

"Sijaandika bado. Mimi pia nina baba mkwe, huko Nyamira, najua amesema nini pale. Ripoti naipeleka Ijumaa. Kama kuna mtu wa kunipigia kabla ya hapo, simu yangu iko wazi."

Akapanda boda akaenda.

Jumanne asubuhi, kiti hakikuwa chini ya dirisha.

Thadeus, ndugu yake Tata, alikuja akasimama mbali, karibu na migomba.

"Wazee watakaa Alhamisi," akasema. "Kutakuwa na mbuzi, na maneno ya kutengeneza kilichoharibika. Mpaka hapo Onchiri asionekane huku. Na mtoto asipelekwe kwake."

"Mtoto amefanya nini, mzee?"

"Hajafanya kitu. Ndiyo sheria."

"Na kama hakuingia?"

Thadeus akanitazama kwa huruma. "Mama, amesema mwenyewe mbele ya wanawake kumi na mmoja. Mtu atajisingizia kitu kama hicho kwa nini?"

Ashley hakuelewa. Alikwenda chini ya dirisha, akaona nafasi ya kiti, akakaa chini kwenye alama nne za miguu ya kile kiti. "Sokoro," akawa anaita. Ndivyo tunavyoita babu. "Sokoro, njoo." Upande wa pili wa ua nilisikia mtu anakohoa, kisha hakuna.

Mchana nilishindwa. Nilimwacha Ashley amelala, nikaenda hadi kwenye ua, pale kwenye tundu tulilokuwa tunapitishia sufuria ya mboga.

"Bwakire, Tata," nikamwamkia kwa Kigusii, kama ni asubuhi.

"Huko kuamka tulishaamka. Rudi ndani, watu watakuona."

"Kwa nini umesema vile?"

"Wanawake si wameandikwa?"

"Tata, hukuingia."

"Na wewe mashine utabaki nayo?"

"Nitabaki nayo."

"Basi."

"Si basi. Tata, mimi nina jambo la kukuambia. Ile Sabato..."

"Omosa aliniambia."

Nikashika ua.

"Alirudi saa saba na kitu," Tata akasema. "Nikamuuliza, umempata? Akasema, nimempa mkononi, ameisoma, anakuja. Kwa hiyo sikumwambia yeye aingie, nikangoja. Nikawasha jiko. Nikasema atakuwa njiani."

Kwa hiyo alijua. Alijua nilipofika nimelowa. Alijua nilipohesabu zile hatua mbele yake. Aliukunja mwavuli wangu, akaenda nyumbani akijua.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilikuwa nalia.

"Ningekuambia nini? Omosa alisema pia uliimba. Alikaa akasikiliza. Alisema watu walisimama."

"Tata, nisamehe."

"Sikiliza, Mama Ashley. Mimi hiyo miaka yote umekwenda darasani nimekaa na mtoto hapo nje nikisikia unasoma kwa sauti. Maji huchemka kwa mia. Joto la kifaranga ni hili. Sikutaka siku moja wakuchukulie kitu watu wakiwa wanaangalia. Walishakufanyia hivyo mara moja, shuleni. Mimi ni mzee, nikiaibika nitaaibika muda mfupi."

"Job je? Job akisikia?"

Hapo akavua kofia yake.

"Job ni mtoto wangu," akasema, na sauti yake haikuwa na nguvu. "Atapoa."

Nikageuka niende. Akaniita.

"Persis alipitia hapa Jumapili, akaniachia kitabu chako cha nyimbo. Ulikisahau hemani. Nimekiweka juu ya tundu hilo."

Nikakichukua. Sikukifungua. Nilijua kilicho ndani, na sikuwa na moyo wa kuuona ule mwandiko. Nikakiweka juu ya kabati.

Jumatano saa kumi jioni Job alifika.

Mume wangu ni fundi wa kujenga, yuko Suneka kwenye ploti ya mtu, na huja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Siku hiyo haikuwa yake ya kuja. Alikuwa na mfuko wa vifaa begani, na vumbi la saruji bado kwenye nyusi. Alisimama uani. Hakuingia.

"Karibu chai," nikasema.

"Sinywi kitu kutoka humo."

"Job."

"Thadeus amenipigia simu mbele ya mafundi. Nilikuwa juu ya ngazi. Nimeshuka sijui nimeshukaje." Job hapigi kelele akikasirika. Huongea chini, kama mtu anayesoma. "Baba yangu ameingia mahali ninapolala na mke wangu. Kwa sababu ya mashine ya kuku."

"Hakuingia."

"Nimepata chumba Suneka. Kesho wazee wakimaliza, tunafunga vitu. Mashine watapewa wengine. Hapa sitalala tena."

Ndipo nikaona. Nilikuwa nimenyamaza ili nibaki na mashine, na sasa mashine inaondoka, na nyumba, na Ashley kuwa karibu na babu yake. Tata alikuwa amelipa bure.

Nikamweka Ashley chini.

"Job, kaa hapo kwa benchi unisikilize. Baba yako hajawahi kuvuka huu mlango. Ni mimi. Alinitumia karatasi makambi, nikaisoma, nikabaki kuimba. Mayai yamekufa kwa sababu yangu. Alisema vile mbele ya watu ili nisinyang'anywe mashine."

Nilisema yote. Kwa mara ya kwanza tangu Sabato nikapumua mpaka chini.

Job alinitazama.

"Unamtetea."

"Nasema ukweli."

"Mtu atajipaka kitu kama hicho kwa sababu ya mayai?"

"Si mayai. Ni mimi."

Nilipolisema nikaona jinsi lilivyoanguka vibaya. Uso wa Job ulibadilika. Sikuwa nimemaanisha kwamba kuna kitu kati yangu na Tata. Nilimaanisha masomo, kiti, dirisha, ile miaka yote.

"Ni wewe," akarudia polepole.

"Subiri. Karatasi ninayo. Ameandika kwa mkono wake, siwezi kuingia. Mwandiko wa baba yako si unaujua?"

"Lete."

Nikakimbia ndani. Nikapita mashine, nikatoa kitabu juu ya kabati, nikatoka nacho nikifungua. Wimbo wetu wa siku ile nilikuwa nimeukunjia kona. Nikafika kwenye kona. Karatasi haikuwapo. Nikageuza wa mbele, wa nyuma. Nikakishika kwa majalada, nikakitikisa. Kilidondosha jani moja kavu la chai tu.

"Ilikuwa hapa," nikasema.

"Ilikuwa."

"Muulize Omosa. Muulize Emily, hiyo mashine haina kitufe."

"Emily ni nani? Omosa anajua baba alifanya nini baada ya kuandika?" Aliubeba mfuko wake tena begani. "Bonareri, nakuuliza mara moja tu. Nani amekufundisha useme haya?"

"Mwanangu."

Tuligeuka wote. Tata Onchiri alikuwa amekaa kwenye kiti chake, upande wake wa ua, jiko lile lile mbele yake, sufuria ya chai kando. Sijui alikuwa amekaa hapo tangu saa ngapi. Ashley alishamwona, alikuwa anakimbia kuelekea kwenye tundu.

"Mwanangu, usimsumbue mama wa watu. Ana huruma tu. Mimi niliingia, na kesho nitasema tena mbele ya wazee."

"Tata, usiseme hivyo," nikasema. "Tata, tafadhali."

Mkono wake wa kushoto alikuwa ameuweka juu ya goti. Kati ya vidole viwili alishika kitu kidogo cheupe, kimekunjwa mara nne. Hakuniangalia. Aliinama kama mtu anayesogeza kaa, akakiachia katikati ya jiko.

Kiliwaka mara moja, mwali mfupi wa manjano, usioweza kuchemsha hata kikombe.

Job hakuuona. Alikuwa ananitazama mimi, akingoja jibu.